Maji ya Kuchemshia Mchicha

Mama alimsahau binti yake asubuhi, wakati binti huyohuyo anamsugua mgongo kwa dodoki.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, miguu ndani ya beseni la bluu, macho kwenye kamba ya nguo. Akageuka taratibu, akamtazama yule mwanamke aliyekunja mikono ya gauni mpaka viwikoni, akasema kwa adabu:

"We msichana, wanakulipa vizuri hapa?"

Huyo msichana alikuwa na miaka hamsini na kitu, mvi za kutosha, na goti moja linalotabiri mvua kuliko redio. Watu wote walimwita Panzi. Jina alipewa na kaka yake siku matokeo ya darasa la saba yalipotoka na yeye akaambiwa ameanguka. Kichwa cha panzi, alisema kaka, na mtaa ukalipokea jina bila kuuliza limetoka wapi. Lile alilopewa na wazazi likakaa kabatini na vikombe vya wageni, mpaka likasahaulika.

"Wananilipa, Mama," alisema Panzi. "Inua mkono."

"Usikubali wakupunje. Watu wa nyumba hii nawajua mimi."

Maji ndani ya beseni yakabadilika. Yakawa mazito, rangi ya wino, yakanuka chaki na moshi wa kuni. Panzi hakushangaa. Siku mama alipomsahau marehemu mumewe, maji yalinuka ugoro na mafuta ya baiskeli. Aliposahau kushona, sindano zilibaki kwenye kitako cha beseni. Na alipowasahau wadogo zake wote kwa mkupuo, beseni lilikuwa zito hata ikabidi jirani aitwe kusaidia kulinyanyua, maana ule ukoo ulikuwa wa watu wanene.

Bomba la mtaa ule lilitoa maji lilipojisikia, kwa hiyo hakuna aliyemwaga kitu. Panzi alimvika mama nguo, akamkalisha kivulini, kisha akalibeba beseni mpaka nyuma ya jiko, kwenye matairi makuukuu alimootesha mchicha mwekundu. Matairi mengine alikwisha kuyamwagilia baba, mama wadogo, wajomba na mapishi ya kila namna. Maji haya aliyamwaga kwenye tairi la mwisho, ukutani, ambalo mbegu zake ndiyo kwanza zinachungulia. Hakutaka yachanganyike. Humo alikuwamo yeye mwenyewe.

Mambo ya mchicha yalianzia kliniki. Mtaalamu wa lishe, binti mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimsikiliza Panzi mpaka mwisho, jambo ambalo watu wengi hawakuwa na nafasi nalo.

"Mpe vyakula vya mimea vyenye rangi iliyokolea," alisema. "Mchicha mwekundu, kabichi ya zambarau, vitunguu vyekundu, binzari ya manjano kidogo. Hiyo rangi unayoiona ni kemikali za mmea wenyewe. Mmea unazitengeneza ujikinge na jua na wadudu. Mtu akila, zinaisaidia mishipa ya damu, hata ile ya kichwani."

"Atakumbuka?"

"Siwezi kukuahidi, dada. Kuna utafiti unaosema zinasaidia kidogo, kuna unaosema labda. Chakula si uganga. Ila usiichemshe sana, na maji ya kuchemshia usiyamwage. Rangi nyingi inabaki humo."

Panzi alifuata maagizo yote. Tatizo ni kwamba mama aliyakataa yale maji. Alisema maji ya sufuria si chakula cha binadamu, hayo wapewe kuku. Kuku hawakuwapo. Basi Panzi aliyanywa yeye, jikoni, amesimama, kwa kata. Panzi alikuwa mtu wa mabaki. Tangu utoto alikula mwisho, moja kwa moja sufuriani. Sahani kwake ilikuwa kitu cha kuosha.

Ndipo lilipotokea la kutokea. Mama alikula mchicha wa tairi la baba, akamkumbuka mumewe kabla sahani haijafika nusu. Akamlilia upya, akafuta machozi, akaomba ndimu. Na Panzi kule jikoni, kata mkononi, akamkumbuka baba yake vilevile, lakini kama bwana harusi. Ilimbidi akae chini kidogo. Yapo mambo ambayo mtoto hapaswi kuyajua juu ya baba yake hata akiwa na mvi.

Jirani mshonaji, aliyeomba fungu moja la mboga siku alipokosa kitoweo, alirudi kesho yake, tepu shingoni.

"Panzi, hizi mboga umezipata wapi? Nimemkumbuka baba yako. Yaani miguu kama penseli! Na kukoroma kule! Nimeamka nimechoka kama mimi ndiye niliyeolewa naye."

"Pole, jirani."

"Pole ya nini, tumekwisha kuachana asubuhi." Akashusha sauti. "Ila nimekumbuka na jingine. Lile gauni la kijani nililomshonea mama yako. Kumbe alijua nilibania kitambaa."

"Alijua."

"Miaka yote ananisalimia vizuri, na alijua!"

"Alikuwa anasema Mungu anakuona."

"Mungu sawa, kwake nimezoea. Lakini mama yako!" Mshonaji akaondoka anatikisa kichwa, na tangu siku hiyo kitoweo kikimkosa alikula wali mtupu. Alisema kumbukumbu zake zinamtosha, hana pa kuweka za watu.

Panzi alirudi kliniki, akamweleza mtaalamu wa lishe kwamba mama amekumbuka, jirani amekumbuka, na yeye Panzi amekumbuka vitu vilivyotokea kabla hajazaliwa. Mtaalamu alitikisa kichwa polepole.

"Na choo anapata vizuri?"

"Anapata."

"Basi endelea."

Kasoro ilikuwa moja tu. Kilichorudi kwa kijiko hakikukaa. Siku chache mama alikuwa na mume, na wadogo, na mapishi, halafu asubuhi moja dodoki linapita mgongoni na maji yanabadilika rangi tena. Panzi anayabeba nyuma ya jiko, mchicha unakua, unachumwa, unapikwa, unaliwa. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu, ila maji yenyewe yalikuwa mama, na mtu hamwagi mama yake.

Basi akawa analisubiri tairi la mwisho. Kila asubuhi aliitwa msichana. Mchana aliulizwa kwao wapi na kama ana watoto. Jioni mama alificha pochi yake chini ya mto, akamwambia kwa upole kwamba si yeye anayemshuku, ni siku hizi tu, dunia imeharibika. Panzi alijibu ndiyo, Mama, imeharibika, akamfunika miguu. Alikuwa amemwogesha, amemlisha na amemgeuza ubavu miaka mingi bila kuhitaji asante. Alichotaka ni kitu kidogo: mama amwone, aseme mwanangu, kama alivyokuwa akisema hata siku za kumgombeza. Bila neno hilo alijiona kweli kama mtu aliyekuja kufanya kazi kwenye nyumba ya watu, na ndipo alipokumbuka kwamba hata mshahara hakuna.

Katikati ya kusubiri huko kaka alikuja, kama kawaida yake Jumapili ambazo hakuwa na udhuru. Yeye aliitwa Afisa. Alikuwa na ofisi yenye pazia na kiti kinachozunguka, na alitembea kama mtu ambaye kiti kinamfuata nyuma.

Mama alimwona mlangoni akapiga makofi.

"Mwanangu! Umekonda!"

Afisa hakuwa amekonda tangu siku alipopata kile kiti. Alikaa, akaletewa maji ya kunywa, kisha wali na maharagwe. Mama akamnong'oneza, kwa sauti iliyofika jikoni:

"Yule msichana mpole, ila mzito kidogo. Msimfukuze."

"Hatumfukuzi, Mama," alisema Afisa.

Alipokuwa anatoka Panzi alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamkumbusha habari ya tangi la maji. Afisa akasema mwezi ujao. Mwezi ujao ulikuwa umeahidiwa muda mrefu sana, na ungekuwa binadamu ungekwisha kuoa.

Mchicha wa tairi la mwisho ulitoka tofauti na mwingine. Majani yake yalikuwa mekundu ya kukaribia weusi, na mtu akiinamia karibu alisikia kengele ya shule, kwa mbali, kama inapigwa mtaa wa pili. Panzi aliuchuma asubuhi umande ukiwapo. Akauosha, akaukata, akautia kwenye maji yaliyochemka, akafunika, akafunua. Mapema, kama alivyoagizwa. Akauopoa, akauwekea kitunguu na manjano, akaupakua kwenye sahani ya mama. Maji yakabaki sufuriani, meusi, yanatoa mvuke. Akachukua kata.

Alikunywa yote, kisha akaweka mkono juu ya meza.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni, ndani ya mwili wa mama, mwili ambao bado ulikuwa na kiuno. Mbele yake ameketi mwalimu mkuu, kofia magotini. Mwalimu alisema: binti yako amefaulu. Amekuwa wa kwanza shuleni, wavulana wote amewaacha nyuma. Kuna nafasi yake sekondari ya bweni, serikali italisha na kuvisha, anachotakiwa kuja nacho ni ndoo na blanketi. Nyuma ya mlango alisimama kaka, ambaye mwaka uliotangulia alianguka, akarudia, na mwaka huu kapita kwa kujikokota, anasikiliza. Na dirishani, uani, kuna msichana mwembamba anasugua sufuria kwa mchanga, huku anaimba.

Mama alimtazama yule msichana muda mrefu. Panzi alikuwa hajawahi kutazamwa hivyo, na sasa alikuwa yeye ndiye anayetazama. Kulikuwa na mapenzi mengi katika macho yale, tele, ya kutosha kuogea. Na ndani ya mapenzi mama akawaza, kwa utulivu, kama mtu anayechagua kuni: mvulana ataondoka, wavulana huondoka. Huyu akisoma naye ataondoka. Sasa mimi nitabaki na nani?

Akamwambia mwalimu: mtoto ana kifafa, hawezi kwenda bweni.

Jioni akamwambia mtoto: umeanguka, mwanangu, usilie, si kila mtu amepewa kichwa.

Panzi alisimama jikoni mpaka mvuke ukaisha. Kisha akatazama sahani ya mama. Angeweza kuimwaga. Mama angeendelea kumwita msichana, na lile jambo lingebaki tumboni mwa mtu mmoja. Lakini alikuwa amelisubiri neno lile, na mchicha ulikuwa unapoa, na yeye hakuwahi katika maisha yake kumwaga chakula. Akaibeba sahani.

Mama alikula kijiko cha kwanza akitazama ukuta. Cha pili akaacha kutafuna. Alipofika katikati aliinua macho, akamwona mtu aliyekaa mbele yake, akamwona kweli, mvi na goti na yote.

"Mwanangu," alisema. "Mbona umezeeka hivyo?"

"Muda, Mama."

"Umekula?"

"Nimekunywa maji yake."

"Siku zote wewe na masufuria." Mama akacheka, ule mcheko wake wa zamani wa puani. Panzi akaushika mkono wake. Ulikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu. Wakakaa hivyo, na kama hadithi ingekuwa mikononi mwa mtu mwenye huruma ingeishia hapo.

"Mama, nilifaulu?"

Mama hakujifanya hajasikia. Mchicha haukumpa nafasi hiyo.

"Ulifaulu. Wa kwanza. Mwalimu alivaa kofia mpya kuja kunieleza."

"Mbona uliniambia nimeanguka?"

Mama akamtazama kwa mshangao kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa nini nyumba ina mlango.

"Sasa nani angeniogesha?" alisema.

Akachota kijiko kingine, akatafuna, akameza.

"Umezidisha manjano," alisema. "Lakini tamu."

Panzi akamfuta kidevu. Hakulia. Alikuwa na nguo za kufua, na kilio kinataka mtu aliyepumzika.

Jumapili Afisa alikuja. Mchicha ulikuwa umebaki wa kutosha sahani moja, na Panzi akampikia. Aliuweka mbele yake pembeni ya wali, akavuta kiti, akakaa. Afisa akaona kiti kile kimevutwa, kwa sababu katika nyumba ile Panzi hakuwa mtu wa kukaa wakati wengine wanakula.

Alikula. Panzi akamtazama usoni na kuona yote yanapita: kofia ya mwalimu, mlango, dirisha, kifafa. Afisa hakushtuka. Mtu hashtuki kukumbushwa anachokijua. Alichukua leso, akapangusa midomo, akakohoa kikohozi cha ofisini.

"Ni mambo ya zamani sana haya," alisema.

"Ya zamani."

"Mimi nilikuwa mtoto. Mama ndiye aliyeamua."

"Ulikuwa mtoto. Ndipo ukanipa na jina."

Afisa akageuza uma, akautazama upande wa pili.

"Lakini fikiria na wewe, Panzi. Ungeenda, leo hii mama angekuwa na nani?"

"Angekuwa na wewe," alisema Panzi.

Afisa akacheka. Alidhani ni utani, na alikuwa mtu anayependa utani wa dada yake. Kisha akasogeza sahani.

"Zimebaki? Nifungie fungu. Mtoto wangu wa mwisho ana mtihani, na hizi naona kweli zinafungua kichwa."

Panzi alikaa kidogo. Halafu akasimama, goti likalia, akaenda nyuma ya jiko, akachuma la tairi la tatu, la baba, akalifunga kwa uzi. Mtoto hakuwa na kosa. Baadaye tulisikia kwamba chumba cha mtihani kilimkuta mtoto yule akiandika juu ya harusi ambayo hakuwapo, na bwana harusi mwenye miguu kama penseli, na akapata alama za juu kuliko wote. Amechaguliwa kwenda shule ya mbali. Ndoo na blanketi vilinunuliwa siku hiyohiyo.

Tangi bado ni mwezi ujao.

Asubuhi iliyofuata Jumapili ile, Panzi alimkalisha mama kwenye kigoda, akajaza beseni la bluu, akalowesha dodoki. Jua lilikuwa bado jekundu. Mama alikuwa bado anamjua. Alimwita mwanangu alipovuliwa gauni, akamwita tena alipotiwa sabuni. Panzi akasugua mabega, akafika mgongoni, akausitisha mkono. Alijua ni hapo lilipobaki neno lile. Alifikiria kuliacha eneo lile bila kuoshwa, eneo dogo, la ukubwa wa kiganja. Lakini mama alikuwa mtu wa usafi maisha yake yote.

Akasugua. Maji yakawa rangi ya wino.

"We msichana," alisema mama, "una mkono mzuri. Ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba, Mama."

"Si haba." Mama akachezesha vidole vya miguu ndani ya beseni. "Mimi nina binti. Huyo sasa ndiye mwenye akili. Amewaacha wavulana wote nyuma."

"Yuko wapi?"

"Yuko shule," alisema mama, na uso wake ukang'aa kwa fahari. "Za bweni hizo, za mbali. Sikutaka aende, lakini ningemzuia vipi, mtoto kama yule?"

Nyuma ya ukuta cherehani ya jirani ilianza kulia. Panzi akalikamua dodoki.

"Hongera, Mama," alisema. "Inua mkono."

Alipomaliza alimvika, akamkalisha kivulini, akalibeba beseni mpaka nyuma ya jiko. Alisimama kidogo baina ya tairi la mwisho na mtaro, beseni kiunoni. Kisha akayamwaga kwenye tairi, polepole, pembeni ya mashina, yasije yakang'oa mbegu alizosia jana yake.